Hali ya Tuta ni ya Kawaida

Kaka yangu,

Ninashikilia hoja moja, nami nitaitetea hadi mstari wa mwisho: taarifa ya hatari ikishatolewa kwa umma ni mali ya umma, na aliyeitoa hana tena haki ya kuinyofoa kimyakimya. Usishangae kuona hoja imetangulia salamu. Ni wewe uliyezoea kusema kwamba hata nikiomba chumvi mezani naanza na utangulizi. Sasa shikamoo. Natumai u mzima, pamoja na shemeji na watoto, na kwamba kikohozi cha mdogo wao kimepoa huko kwenye nyumba mpya ya mlimani. Mimi mwili haujambo. Mama naye hajambo, ila analalamika kwamba uani kwake kunateleza ilhali mvua imekatika kitambo.

Kazi yangu unaijua kwa kuicheka. Tovuti nyingi hutoa mlisho, yaani mfululizo wa taarifa zake mpya, uliopangwa ili programu nyingine iweze kuusoma. Programu yangu huipitia milisho ya hospitali, ya stendi, ya shule na ya idara yenu ya bwawa, kisha huonyesha yote kwenye ukurasa mmoja ambao mji mzima huufungua kwenye simu. Uliniambia mbele ya shemeji kwamba nimesoma kote kule ili niishie kuwa mbeba umbea wa kielektroniki. Nilicheka, lakini sikukubali, na hata leo sikubali.

Kuna jambo sikukueleza siku ile. Kila taarifa katika mlisho ina kitambulisho chake. Mwenye tovuti akibadilisha maneno, kitambulisho hubaki kilekile, na programu nyingi hufuta ya kwanza zikaweka mapya. Yangu huonyesha mapya, lakini ya kwanza huyahifadhi. Fundi mwenzangu, ambaye tunashiriki chumba juu ya duka la mchapaji, huita jambo hilo uchoyo wa msomi. Nilimjibu kwamba tusingekuwa na historia lau kila mtu angetupa. Akasema basi nihifadhi na vumbi la feni.

Juzi mpimaji wa bwawa lenu aliandika kwamba maji yanayovuja chini ya tuta, ambayo siku zote huwa maangavu, yameanza kutoka na udongo, ishara kwamba tuta linaliwa na maji kwa ndani, na kwamba wakazi wa bondeni wajiandae kuhama. Nilipoufungua ukurasa, mahali pale pale palisomeka: “Hali ya tuta ni ya kawaida.” Nikampa kila mtu haki yake, nikasema labda mpimaji amejisahihisha. Akaandika tena kwamba udongo umezidi. Sentensi ile ile ikamfunika. Mara ya mwisho aliandika kama mtu anayehema: “Waondoeni watu.” Hiyo nayo ikafunikwa, na tangu hapo hajaandika neno.

Nilikwenda ofisini kwake. Kiti kilikuwa kimesukumwa chini ya meza, na kwenye msumari wa koti hapakuwa na koti. Mlinzi alinijibu kwamba amepewa likizo. Nilipojitambulisha, alinitazama upya, akasema kwamba mtu huyo hamjui na hajawahi kumjua. Nilirudi nikamwonyesha fundi maandishi yote. Huyo asiyekosa mzaha aliyasoma, akazima feni kana kwamba anataka kusikia vizuri, kisha akampigia mkewe kumuuliza watoto wanachezea wapi.

Ndipo nikaenda bondeni kwa mama kumtaka ahame. Akavaa miwani, akafungua ukurasa wangu mwenyewe, akanisomea kwa sauti kwamba hali ni ya kawaida. Akauliza sisi wawili tuna nini siku hizi. Alisema ulikuja na gari ukimtaka akawatembelee wajukuu, ukaanza kubeba hadi godoro lake. Alipokuuliza kuna nini, ukasema hakuna kitu. “Matembezi gani hayo ya godoro?” akasema, akakurudisha mlangoni. Nilipomwambia habari ya udongo alinikatiza: “Wewe na vitabu vyako! Haya ameyaandika mwanangu mkubwa. Kungekuwa na hatari angesema.” Majirani waliokuwa wameanza kufunga mizigo aliwaonyesha simu yake, nao wakafungua mizigo. Wanakuamini kwa sababu yeye anakuamini.

Kaka, kila badiliko katika mlisho wenu lina jina la aliyelifanya. Yote matatu yana jina la msemaji wa idara, na msemaji ni wewe. Sisemi huna moyo. Mtu asiye na moyo habebi godoro. Huenda umetishwa na walio juu yako, na huenda kiti cha mpimaji ulikiona kabla yangu. Lakini aliyebeba godoro la mama alijua, na aliyejua akawaandikia majirani wa mama kwamba ni salama.

Ndiyo maana barua hii haiji kwako kwa bahasha. Nimeiweka kwenye ukurasa, juu ya mlisho wenu, pamoja na maneno yote ya mpimaji. Unaisoma sasa pamoja na mji mzima. Msalimie shemeji, nao watoto uwakumbatie kwa niaba yangu. Mimi niko sebuleni kwa mama. Anasema hatoki mpaka asikie kutoka kwako, nami sitoki bila yeye. Usinipigie simu, wala usimtume mtu. Jibu kwenye mlisho wa idara, kwa jina lako mwenyewe, mahali ambapo bonde lote litasoma: tuta ni salama, au si salama? Jibu sasa.

Mdogo wako