Mluzi wa Upande wa Kushoto

Yonago, 5 Aprili

Kwa mama mdogo Chiharu,

Shikamoo. Huku maua ya cheri yameanza kumwagika kwenye maegesho ya magari, na kila asubuhi nayafagia mlangoni pa duka. Hujambo? Unakula? Sisi wazima. Mama anakohoa kidogo tu, baridi ya kiwanda cha samaki.

Nimemaliza wiki ya kwanza ya kazi na Bwana Ishitobi, mwenye duka, hajanifukuza. Ninafungua maboksi ya nyimbo mpya, nasikiliza kila sidii, kisha naandika kadi kwa mkono na kuibandika kwenye rafu ili mteja ajue kwa nini ainunue. Unajua mimi kuongea na watu siwezi. Kadi inaongea badala yangu. Jumanne nilikuta rimiksi, wimbo uliosukwa upya, ambayo fundi wake ameondoa ngoma zote, akabakiza kinanda kimoja cha umeme na pumzi ya mwimbaji. Niliirudia mpaka Bwana Ishitobi akaniuliza kama nimelala na hedifoni kichwani. Niliandika: "Sikiliza ukiwa umesimama mahali pasipo na mtu." Siku hiyo hiyo zikauzwa nne.

Mama hajui kwamba nakuandikia. Bado anasema mashine zako za muziki zilimnyang'anya mdogo wake.

Mwanao,
Wakana

*

Osaka, 9 Aprili

Mwanangu Wakana,

Marahaba. Sidii nne kwa kadi moja? Lebo yangu ya muziki haijawahi kuuza nne kwa siku hata siku ya uzinduzi. Mimi mzima, nakula tambi, nalala mchana, sijabadilika.

Ndani ya bahasha kuna sidii. Ni rimiksi ninayowafanyia waimbaji wasichana watatu wa Kagoshima, wale uliowapenda. Natakiwa kuikabidhi tarehe thelathini. Ikikubalika, lebo itanipa albamu yao yote kiangazi hiki, na nitaacha kazi ya kupanga bidhaa supamaketi. Nimeingoja nafasi hii miaka kumi na miwili, kwa hiyo usimwambie mtu, usije ukaitia nuksi.

Sasa nisaidie. Tangu Jumapili kuna mluzi. Mwembamba, wa juu, upande wa kushoto, haukatiki. Na spika ya kushoto imekuwa kama imezibwa kwa pamba. Nimebadilisha waya mara tatu. Sijui kama mluzi umeingia kwenye wimbo au uko kwenye mashine zangu tu. Wewe una masikio ya miaka kumi na minane. Weka hedifoni nzuri ya dukani, usikilize. Unausikia, sivyo? Niambie unausikia.

Mama yako mdogo,
Chiharu

*

Yonago, 12 Aprili

Mama mdogo mpendwa,

Shikamoo. Natumaini u mzima. Mvua imenyesha siku mbili na maua yamekwisha.

Wimbo ni mzuri sana. Pale mwimbaji anapobaki peke yake nilisisimka mikono. Nimeusikiliza mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mara ya nne nilifumba macho, na nadhani ndiyo, upo. Mluzi. Kidogo, upande wa kushoto kama ulivyosema. Mtu asiyeambiwa asingeutambua, kwa hiyo usihangaike sana.

Hedifoni za dukani si nzuri sana lakini.

Tunza afya yako.

Mwanao,
Wakana

*

Osaka, 17 Aprili

Wakana wangu,

Hujui umenipa nini. Barua yako ilipofika nilikaa chini sakafuni, pale pale mlangoni, nikacheka peke yangu. Nilishaanza kufikiri mambo ya ajabu. Sasa tuko wawili tunaousikia, basi upo, na kilichopo hutafutwa.

Ninautafuta. Nimezima vitu kimoja kimoja. Friji ilikuwa ya kwanza. Halafu taa ya jikoni, halafu mtandao. Simu nayo nimeizima na kuitia kwenye droo chini ya soksi, kwa hiyo niandikie tu kwa karatasi. Juzi nilishusha swichi kuu nikakaa gizani na koti langu. Mluzi ulikuwepo. Nikajua unatoka chini.

Chini anakaa Bwana Kubo, mzee mwenye samaki wa dhahabu. Nikamgongea.

"Bwana Kubo, samahani sana. Pampu ya tangi lako inapiga kelele."

"Pampu hii? Inanong'ona tu."

"Kwangu juu inapiga mluzi."

"Basi nitaizima, mwanangu. Fanya kazi yako."

Akaizima. Leo asubuhi niliona karai nje ya mlango wake, ndani yake samaki mmoja kalala ubavu. Mzee alinisalimu vizuri kama siku zote, ila sikumsikia mpaka aliporudia.

Mluzi bado upo.

Mimi mzima. Juzi nilipoamka chumba kilizunguka kidogo, nikashika ukuta. Ni kula ovyo, friji imezimwa. Kesho nitakagua nyaya za ukutani.

Mama yako mdogo,
Chiharu

*

Yonago, 20 Aprili
BARUA YA HARAKA

Mama mdogo,

Shikamoo. Sina salamu nyingine, nisamehe.

Sikuusikia mluzi. Sijausikia hata mara moja. Nilisikiliza mara nne, na mara zote nne haukuwepo. Uliniandikia "niambie unausikia", na mimi nikaona haya kukukatalia. Nilidhani masikio yangu ndiyo mabovu. Nilidhani ukijua sisikii hutaniletea tena nyimbo kabla hazijatoka. Nikaandika ndiyo, nikaenda kulala.

Leo alikuja Bi Nagami. Ana miaka sitini na nane na ananunua muziki wa mashine kuliko wanafunzi wote wa mji huu. Alikuwa anasikiliza sidii mpya, akanitazama, akavua hedifoni.

"Binti, mbona umepauka kama tofu?"

"Mama yangu mdogo ana waya mbovu," nikasema.

"Waya wa nini tena?"

Nikamweleza yote. Mluzi, pamba upande wa kushoto, chumba kuzunguka. Sijawahi kuongea na mteja muda mrefu hivyo. Hakucheka. Alifanya kazi ya uuguzi miaka thelathini kwenye kliniki ya masikio, hilo sikulijua.

"Na wewe umeusikia huo mluzi?"

Nikanyoosha kadi ambayo haikuwa imepinda.

"Waya haumzungushii mtu chumba," akasema. "Hilo ni sikio. Linakufa. Lilianza lini?"

"Jumapili ya tarehe saba."

Akahesabu kwa vidole juu ya kaunta. Alisema dawa inafanya kazi siku za mwanzo. Baada ya wiki mbili, alisema, madaktari wanatoa dawa ili mgonjwa asijione ametupwa. Leo ni siku ya kumi na tatu.

Nimekupigia mara kumi na moja na simu iko kwenye soksi. Nilikuwa na siku nane za kukwambia ukweli.

Nakuomba, ukiweka chini karatasi hii vaa viatu uende hospitali ya masikio. Usimalizie wimbo. Usikague nyaya.

Wakana

*

Yonago, 23 Aprili

Mama mdogo,

Sijui kama unasoma. Posta wanasema barua ya haraka uliitilia sahihi mwenyewe, Jumapili saa nne asubuhi. Leo ni Jumanne na hakuna jibu, na simu bado imezimwa. Kila ninaposikia pikipiki ya posta natoka nje, na Bwana Ishitobi haulizi kwa nini. Dukani wimbo ukiisha, kabla sijaweka mwingine, najikuta nimeziba sikio la kushoto kwa kidole ili nijue inakuwaje. Halafu naogopa kukitoa.

Jana nilimwambia mama. Nilikuwa nimepanga maneno lakini nilipofungua mdomo yalitoka yote kwa pamoja. Alikuwa anakaanga samaki. Alizima jiko.

"Tangu lini mnaandikiana?"

"Tangu kidato cha kwanza."

"Na mimi nakaa hapa kama kiti."

"Samahani, mama."

"Huyo tangu utotoni akiumwa anajificha. Alivunjika kidole akakaa nacho mfukoni siku mbili." Akavua aproni. "Na wewe umemwambia unasikia kitu usichokisikia. Mmefanana kweli."

Hakunigombeza zaidi ya hapo. Ingekuwa afadhali angenigombeza. Ameomba ruhusa kiwandani, na kesho anapanda basi la kwanza kuja kwako. Samaki tulimla akiwa nusu mbichi.

Kama hutaki kumwona, mfungulie tu. Umkasirikie akiwa ndani.

Mwanao,
Wakana

*

Osaka, 28 Aprili

Mwanangu Wakana,

Naandika nikiwa kitandani hospitalini, na dripu mkononi, usishangae mwandiko. Salamu zako zimefika. Safari hii sisemi mimi mzima.

Barua yako ya haraka niliipokea, kweli. Niliiweka mezani siku tatu bila kuifungua. Mtu haandiki barua ya haraka kusema wimbo ni mzuri. Nilikuwa naizunguka kama mtu anavyomzunguka nyoka. Nilikula nimesimama ili nisikae nayo meza moja.

Mama yako alifika Jumatano. Hakuvua viatu. Aliiona, akaipasua, akanisomea kwa sauti. Alisimama kushoto kwangu na niliona midomo yake tu. Nikamwambia, "Dada, pita upande huu." Alipita upande wa kulia, akaanza tena kutoka mwanzo, na alipofika penye siku ya kumi na tatu akaanza kuhesabu kwa vidole. Siku hiyo ilikuwa ya kumi na saba.

Sasa nikwambie jambo ambalo mama yako halijui. Tarehe kumi na mbili, kabla barua yako haijafika, nilihamisha spika. Ya kushoto nikaiweka kulia, ya kulia kushoto. Pamba ilibaki kushoto. Basi nikageuza kiti, nikazipa spika mgongo, na pamba ikageuka pamoja nami. Nilikaa hapo mpaka giza likaingia. Mimi ni fundi wa sauti, Wakana. Nilijua. Kesho yake barua yako ikaja ikisema upo, na mimi nikaivaa kama koti. Wewe uliniongopea kwa haya. Mimi nilijiongopea kwa makusudi, na nikamwua samaki wa mzee wa watu. Huo mzigo usiubebe peke yako.

Walinitia kwenye kichumba cha kioo, wakanipa kitufe. Ukisikia sauti, bonyeza. Sikio la kulia likapita vizuri, nikajisifu moyoni. Kisha wakahamia kushoto. Nikangoja. Nikangoja tena. Nikafikiri mashine imeleta hitilafu, nikainua kichwa nimwambie muuguzi kwamba bado hajaanza. Nikamwona nyuma ya kioo anaandika. Anaandika tu, mstari baada ya mstari.

Daktari ni kijana, hana maneno matamu. Wengine hupona, wengine hupata nusu, wengine hawapati kitu, na mimi nimechelewa. Atajua baada ya wiki mbili. Mluzi, anasema, huenda ukabaki. Usiku mama yako analala kwenye kiti nami ninausikiliza mluzi peke yangu, na ninaogopa, sitakuficha. Mchana ananimenyea machungwa na kunigombeza kwa saa nzima, kuliani, ili nisikose hata neno.

Lebo wamenipa hadi tarehe kumi ya mwezi ujao. Wimbo niliumaliza tarehe ishirini na tatu, huku barua yako ikiwa mezani, na nakuwekea sidii yake humu. Kwangu mimi ni kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya. Lakini sina njia ya kujua. Sikiliza uniambie ukoje. Na mara hii usinionee haya.

Mama yako mdogo,
Chiharu

*

Yonago, 1 Mei

Mama mdogo,

Shikamoo. Pole kwa dripu, pole kwa usiku. Mwambie mama nimelipa gesi na nakula.

Nimeusikiliza asubuhi kabla ya kufungua duka, kwa hedifoni za Bwana Ishitobi mwenyewe, ambazo haruhusu mtu kuzigusa.

Wimbo umeharibika.

Upande wa kushoto umepanda mno, nadhani uliupandisha mpaka ukausikia. Kinanda cha kushoto kinamfunika mwimbaji tangu mwanzo, na pale anapobaki peke yake, hayuko peke yake tena, kuna kitu kinamsukuma ukutani. Sauti za juu zinakwaruza kama uma kwenye sahani. Dakika ya tatu nilivua hedifoni. Baadaye nikamwomba Bi Nagami asikilize, sikumwambia ni wa nani. Naye alivua, dakika ile ile, akashika sikio lake.

Sidii ya kwanza nayo ilikuwa imeanza kulalia kushoto. Nililisikia hilo, nikakuandikia kwamba nimesisimka mikono. Mikono ilisisimka kweli, lakini hilo jingine nalo lilikuwepo na sikulisema.

Naomba usiwapelekee hivi. Najua ni miaka kumi na miwili. Waombe muda mwingine, au mwachie mtu mwingine aumalizie, na kama watakataa, wakatae.

Karatasi imelowa pembeni. Naitia kwenye bahasha bila kuisoma tena, kwa sababu nikiisoma nitaanza kuipunguza.

Mwanao,
Wakana