Simu Iliyolala Kwenye Droo

6 Machi

Kwako mdogo wangu,

Habari za huko, na za miguu yako, maana najua hospitalini hamkai chini. Sisi hatujambo, ila mimi na mgongo wangu tumegombana tena.

Baba karuhusiwa Jumatatu. Pale mlangoni muuguzi mwenzako alinikabidhi mzee, mfuko wa dawa na tabasamu, akasema maelezo yote nitapewa kwa simu ndani ya siku mbili, kutoka ofisi yako. Nikatembea kifua mbele. Niliwaachia namba ya jirani mshona nguo, kwa kuwa simu yangu iko vipande vipande kwenye droo ya kibanda tangu nilipojidanganya kwamba fundi saa anaweza na simu. Leo siku ya nne, mshona nguo hajapigiwa. Nimekupigia kwa simu yake mara tatu, naambiwa namba inatumika. Basi naandika.

Swali ni moja. Baba ana kopo lake la zamani la vidonge vya presha, vyeupe. Mfukoni mna vingine vya presha, vya njano. Vyeupe aendelee au aache? Yeye anasema hakuna aliyemwambia aache, na unamjua, hatupi kitu. Kwa sasa nampa vyote. Nijibu upesi.

Kaka yako

17 Machi

Kwako kaka,

Shikamoo. Natumaini baba anaendelea vizuri na mgongo umekusamehe. Mimi mzima, nadai usingizi tu.

Usinune kwa kuchelewa kwangu. Wakaguzi wa ubora walikuwa hapa wiki nzima. Kaka, ofisi yangu imekuwa ya kwanza! Kila mgonjwa aliyeruhusiwa amepigiwa simu nyumbani ndani ya siku mbili, hakukosa hata mmoja. Tumepewa kikombe, na kwenye picha mimi ndiye nimekishika. Mkubwa wangu anasema mwezi ujao nitakuwa msimamizi. Mwambie baba, atafurahi.

Kuhusu dawa, fuata yaliyoandikwa kwenye boksi.

Mdogo wako

23 Machi

Kwako mdogo wangu,

Salamu nitazitafuta baadaye.

Alhamisi asubuhi baba alianguka kizingitini akienda kuota jua. Mkono wa kulia umevunjika. Tabibu wa zahanati alimpima presha, ikawa chini mno, akapima tena, akaipigapiga mashine. Akaniuliza, "Mzee huyu mnampa nini?" Nikaleta vyeupe na vya njano. Majina makubwa kwenye boksi ni tofauti. Nikabana jichoni kile kioo changu cha kutazamia saa, nikasoma maandishi madogo chini yake. Dawa ileile, viwanda viwili. Siku kumi na saba nimempa baba dozi mbili kwa mkono huu, na maji ya uvuguvugu. Nilifuata yaliyoandikwa kwenye boksi, kama ulivyosema. Maboksi yote mawili.

Tabibu akaomba kwenu nakala ya fomu ya ile simu ya siku mbili. Inasema tarehe nne Machi, saa nne asubuhi, mtoto wa mgonjwa alipigiwa simu, akaelezwa aache vidonge vyeupe, akarudia maelezo bila kukosea. Umenisifu sana. Sijawahi kurudia kitu bila kukosea tangu nizaliwe.

Na namba iliyoandikwa ni yangu, ile iliyolala kwenye droo. Niliyowaachia ni ya mshona nguo. Hapo hospitalini mwenye kuijua yangu kwa kichwa ni mtu mmoja, na sahihi yake iko chini.

Tabibu akanigeukia. "Kumbe uliambiwa?" Baba alikuwa anasikia. Tangu siku hiyo dawa anapokea kwa mshona nguo. Mkononi mwangu hapokei.

Kaka yako

2 Aprili

Kwako kaka,

Shikamoo. Sijui nianzie wapi. Mkono wa baba unamuuma sana?

Siku ile nilikuwa na simu arobaini, peke yangu. Nilipofika kwenye jina la baba nikajisemea, huyu yuko nyumbani, kaka yupo, nitawaeleza baadaye. Nikajaza fomu kwanza. Hapa wote hujaza kwanza. Barua yako ilinikuta na wakaguzi, nikaitia mfukoni mwa sare. Sikuisoma yote.

Kamati ya ubora ya hospitali itakuandikia kuhusu kuanguka kwa baba. Watauliza jambo moja, kama ulipigiwa. Sema ndiyo, ulipigiwa, ukasahau. Fundi saa hafukuzwi kazi kwa kusahau. Mimi nitafukuzwa. Baba nitamweleza mwenyewe, siku ikifika. Nakuomba, kaka.

Mdogo wako

14 Aprili

Kwako mdogo wangu,

Natumaini barua hii imekukuta mzima. Hii isome yote.

Kamati imeniandikia, nami nimewajibu. Nimesema simu ilikuwa kwenye droo, bila kioo, bila betri. Nimeongeza kwamba simu arobaini kwa mtu mmoja ni nyingi. Kwenye fomu yao hilo halikuwa na kisanduku chake, nikaliandika pembeni.

Kwa baba sijasema kitu. Nikisema mimi, nitakuwa mtoto anayejitetea. Wewe ndiye uliyeandika kwamba niliambiwa, wewe ndiye wa kufuta. Jana nilimpelekea kidonge, akakitazama, akanitazama. "Umesoma vizuri?" Kisha akamsubiri mshona nguo, ambaye hajui kusoma.

Ndani ya bahasha kuna fomu. Tabibu alinipa ikiwa tupu, nimekujazia, maana naona kwenu ndivyo kazi inavyofanywa. *Binti wa mgonjwa amefika nyumbani. Ameketi karibu na mgonjwa. Amemweleza aliyekosea ni nani. Mgonjwa ameelewa.* Visanduku vyote nimeviwekea alama. Tarehe ni Jumapili ijayo. Sahihi yako nimeiiga, imetoka nzuri kuliko ya kwako. Nimejaza kwanza.

Ukikosa nafasi ya safari, simu yangu imepona, na namba unayo kichwani. Nimeiweka mezani, upande wa mkono mzima wa baba. Bado haijaita.

Kaka yako