Mtori wa Mama na Mdomo wa Shangazi

Jumatatu, 2 Juni 2025

Naahidi kuandika yote humu, hata nikikosea. Tangu Pasaka Mama hamezi vizuri. Ugali unakwama, makande ndiyo kabisa! Alichokula asubuhi kinarudi mchana vilevile, hakijasagika. Rovu lake, uvimbe wa shingoni, analifunika kwa kitambaa. Anakula mtori tu — ndizi na nyama, naziponda mpaka zilainike. Nilimwambia Shangazi Yuditha, dada wa marehemu Baba, amsihi aende hospitali. Nikaomba iwe siri. Akasema, "Mwanangu, kwangu limefika kaburini."

Jumatano, 4 Juni

Mama amekubali! Tumeshuka Moshi. Walimnywesha dawa nyeupe kama chokaa huku wakimpiga picha. Dokta Hosea akatuonyesha: tezi ya shingo imevimba, na nyuma yake umio umetoa kifuko. Chakula kinaingia humo, kinakaa. Yote mawili kwa mgonjwa mmoja, anasema, ameyaona mara moja tu. Upasuaji mmoja utatosha. Alazwe Jumatatu, asichelewe — kinachorudi kinaweza kuingia mapafuni. Nilitamani kumkumbatia!

Ijumaa, 6 Juni

Nilipeleka maziwa kituo cha kukusanyia. Foleni ya wanawake. Mama Shedrack akaniita: "Anaeli! Mtori umetangulia, mtoto anakuja lini? Tulete na kisusio?"

Wakacheka. Mtori na kisusio, supu ya damu, kwetu ni vya mzazi aliyetoka kujifungua. Na Mama ni mjane, mwaka wa tatu sasa. Nikauliza nani kasema.

"Si shangazi yako? Kasikia kwako mwenyewe, mpaka na kutapika!"

Kwangu! Mimi nilisema hamezi. Nilisema hamezi.

Jumapili, 8 Juni

Mama hakuimba kwaya. Baada ya ibada mzee wa kanisa alikuja nyumbani, mpole kweli: ajieleze kwanza kwa wazee, ndipo ashiriki Meza ya Bwana. Mama aliitikia kwa kichwa tu. Mzee alipoondoka, Mama akafungua begi la hospitali, akaanza kurudisha kanga kabatini.

— Mama, ni kesho!

"Nikilazwa sasa, watasema nimekwenda kutoa mimba."

Nikamwambia ni mimi niliyemwambia Shangazi. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

Nikakimbia kwa Shangazi. Nikamkuta anachambua maharage. Nikampa shikamoo — nilifundishwa hivyo. Eti aliwaambia wenzake ili wamwombee Mama. Wamwombee! Eti mtoto hahoji wakubwa. Nikarudi.

Mama amekaa jikoni na kikombe cha maji. Anakohoa kila funda. Begi tupu.

Nimemtumia Shangazi ujumbe, naunakili hapa:

"Shikamoo Shangazi. Kesho saa mbili asubuhi tunatakiwa hospitali. Mama hataki kwenda kwa sababu ya maneno yako. Picha ya kifuko ninayo, nitaileta. Je, utakuja nasi sasa hivi kwa mzee wa kanisa, useme mbele ya Mama kwamba hukuambiwa habari ya mimba? Nijibu sasa: unakuja, au huji?"