Kwa Nini Sikuliuza Gari Lako

Nyumbani, chumba cha mbele,
Jumapili mchana, mvua imekatika sasa hivi.

Mpendwa kaka,

Hujambo huko uliko? Kile kikohozi kimekuachia, au baridi ya huko bado inakusumbua? Wifi yangu je, na mtoto? Sisi hapa tu wazima. Mama anakula vizuri, na mguu wake wa kulia umeanza kutii amri, ingawa mkono bado ni mkaidi. Mimi saloni inanipeleka mbio, vidole vinauma kwa kusuka, lakini nashukuru Mungu.

Najua shemeji amekwisha kukupigia simu, dada kanidokezea mambo ya mumewe. Atakuwa amekwambia kwamba nimemfukuza mnunuzi wa gari lako na kwamba nimekuwa na kichwa kigumu. La pili ni kweli. La kwanza, sikiliza kwanza upande wangu. Nimeamua kukuandikia kwa sababu kwenye simu wewe huniitikia "sawa, sawa" huku unafanya mambo yako.

Gari lile nalitunza, kaka. Oili naibadilisha kabla haijachoka, tena ile iliyotajwa kwenye kitabu chake, si ya kupimiwa kwenye pipa. Chujio la hewa nalikagua mwenyewe. Asubuhi siliendeshi kwa nguvu kabla injini haijapata joto, na nikirudi kutoka mlimani naliacha lingurume kidogo uani ndipo nizime, ili turbo, ile feni inayosukuma hewa kwenye injini, ipoe. Dada aliwahi kuniuliza kama nangoja mtu aje kunifungulia mlango.

Pamoja na hayo yote, mwezi uliopita likaanza kupiga mluzi. Likiwa limesimama, kimya. Nikikanyaga mafuta, fiuuu, sauti nyembamba ndefu, nikiachia, inakata. Mama akawa anachungulia dirishani kutazama nani anamwita. Kule saloni kila mteja alikuwa na lake. Mmoja alisema mkanda, mwingine breki, na yule mama muuza vitambaa akaapa kwamba magari ya turbo hulia hivyo yakikaribia kufa.

Nikalipeleka kwa Bingwa, yule fundi mwenye karakana nyuma ya soko. Alisikiliza akiwa mlangoni kwake, kikombe cha chai mkononi. "Turbo imekwisha hiyo," akasema. "Tafuta nyingine." Boneti hata hakuigusa. Shemeji aliposikia, akakupigia wewe, na wewe ukamwambia auze. Sikulaumu. Ulisikia ulichoambiwa.

Lakini kuna jambo hukuambiwa. Jumanne moja nilikuwa nampeleka mama hospitali kwa mazoezi ya viungo. Unakijua kile kilima, barabara imebanwa kati ya ukuta na mtaro. Tulipofika katikati gari likaishiwa nguvu. Nakanyaga, mluzi unapanda, gari haliendi. Nyuma yetu moshi mweusi, na nyuma ya moshi lori, na dereva wake kailalia honi. Jasho lilinitoka mpaka kwenye nyayo. Nikasema, "Mama, tusimame hapa. Tutarudi nyumbani."

Unajua tangu kiharusi kimpate maneno yake ni ya kubahatisha. Akitaka maji anasema kiti, akiniita mimi anataja jina la dada. Siku ile aliweka mkono wake mzima juu ya dashibodi, akaniambia wazi kabisa: "Usisimame. Panda."

Nikaingiza gia ya kwanza, tukapanda kwa mwendo wa mtu aliyebeba gunia. Tulifika tumechelewa. Mtaalamu wake wa viungo alitupokea hivyohivyo, kisha akaniita pembeni. Akasema miezi hii ndiyo mguu unajifunza upya, na tukikosakosa mazoezi utasahau hata hicho kidogo. Sasa kaka, mama hawezi ngazi za basi. Teksi nimejaribu, dereva akimwona anavyoingia polepole anaanza kupiga vidole kwenye usukani, na mama anaona aibu. Niliporudi nyumbani nilikuwa nimekwisha kukata shauri. Gari haliuzwi mpaka mtu anionyeshe kwa macho yangu kilichokufa.

Ijumaa shemeji akaja na mnunuzi, mwanamume mmoja mwenye suti ya kijivu, akilizunguka gari na kulipapasa kama ng'ombe wa mnadani.

"Kaka yako karidhia," shemeji akasema. "Lete funguo. Gari bovu ni mzigo."

"Ubovu wake uko wapi, shemeji?"

"Si turbo? Bingwa kasema."

"Bingwa hajafungua boneti. Akiifungua na kunionyesha turbo iliyokufa, funguo nitakuletea mwenyewe, na gari nitakuoshea."

Yule wa suti akacheka, akasema yeye hana haja ya kufunguliwa chochote, atalichukua hivyohivyo lilivyo, tena leo. Haraka yake ndiyo iliyonitia wasiwasi kabisa. Nikamshukuru, nikamwambia karibu siku nyingine, nikamfungulia geti. Huko ndiko kumfukuza kunakosemwa. Nilisema karibu, kaka!

Nikapita saloni, nikawaomba wateja waningoje, nikaliendesha gari moja kwa moja mpaka karakana. Nikavuta kiti cha plastiki, nikakaa mbele ya gari.

"Nina wateja, dada," Bingwa akasema.

"Hata mimi ninao. Wananingoja na nywele nusu. Fungua."

Alinuna, lakini alifungua. Tukangoja injini ipoe, akatoa bomba linaloingiza hewa kwenye turbo. Ndani kuna kigurudumu chenye mapezi madogo. Nikamwambia akitikise. Akakitikisa, hakichezi. Akakizungusha kwa kidole, kikazunguka laini bila kukwaruza. Hakuna oili iliyovuja, hakuna pezi lililovunjika.

"Hii ndiyo maiti yenyewe?" nikauliza.

Bingwa akakuna kichwa. "Hii nzima," akasema, na pale ule mnuno ukamtoka, akawa fundi tena. Akaziba mdomo wa bomba, akaingiza upepo wa kompresa, akakoroga sabuni kwenye ndoo. Tukapaka maji ya sabuni kwenye kila mpira unaopeleka hewa ya turbo kwenye injini, yeye upande wake, mimi upande wangu. Wa kwanza, kavu. Uliofuata, kavu. Nilianza kuingiwa na woga, maana nilikwisha kujitapa mbele ya shemeji. Kisha chini kabisa, karibu na klipu inayobana mpira wa mwisho, povu likaanza kuchemka.

Mpira ulikuwa umepasuka kwa uzee, upande wa chini ambao huuoni ukisimama. Hewa ilikuwa inatorokea pale, ndiyo huo mluzi. Injini ikawa inapewa mafuta bila hewa ya kutosha, ndiyo moshi na ndiyo uchovu wa mlimani. "Ningekufungia turbo mpya na mluzi ungebaki palepale," Bingwa akasema, akacheka mpaka akaegemea gari. Akafunga mpira mpya na klipu mpya. Nilivijaribu kwa mkono wangu kabla hajafunga boneti.

Jumanne hii tumepanda kilima gia ya tatu. Mluzi hakuna. Tulipofika, muuguzi akaleta kiti cha magurudumu mpaka kwenye mlango wa gari kama kawaida. Mama akakisukuma pembeni. Alinishika mkono mpaka kizingitini, hapo akauachia, akaingia mwenyewe, taratibu, bega likiegemea ukuta. Mtaalamu aliacha alichokuwa akifanya, akasimama tu kutazama. Mimi nilijifanya natafuta kitu kwenye mkoba.

Sasa gari nikilizima linatoa tik, tik, kidogo tu. Bingwa anasema ni chuma kinachopoa. Hata hivyo nimemwambia aniangalizie.

Shemeji bado amenikunjia uso, ingawa jana alipita, akasikiliza injini, akasema "hm." Kwake hiyo ni hotuba. Naomba umpigie wewe, kwa maneno yako, umwambie gari haliuzwi mpaka mama amalize mazoezi. Kama umeudhika nami, nitakaa nikusikilize utakapokuja, hata siku nzima. Ila kwa sasa nisaidie.

Dada anakusalimu sana, na shemeji pia, ingawa hajui kwamba nimekuandikia salamu zake. Msalimie wifi, mbusu mtoto mashavu yote mawili. Mungu akufunike huko ugenini, akurudishe kwetu ukiwa na afya.

Nimemwuliza mama nikuandikie nini kutoka kwake. Ametafuta maneno kitambo kirefu, mimi kalamu mkononi, sikumharakisha. Kasema: "Mwambie natembea."

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye hata ukinuna.