Msumeno wa Watu Wawili

We, uko? Nimejiaibisha dukani sasa hivi.

Nilifuata misumari tu. Misumari! Nimetoka na msumeno mrefu wenye mpini huku na huku, na misumari nimeisahau.

Na unajua nina drili tatu sijazifungua bado. Nimezipanga kitandani, upande wa mama watoto, tangu aondoke.

Muuzaji akaniuliza, "Huu unavutwa na watu wawili, mzee. Mwenzako nani?"

Nikamwambia, "Yupo."

Yupo! Mimi huyu! Yupo wapi?

Sasa nimekaa sebuleni nimeshika mpini mmoja, ule mwingine umelala sakafuni.

Kesho naurudisha, haki ya Mungu. Ila leo ukitoka kazini pitia, uushike upande wa pili kidogo. Mti wa kukata sina.