Futa Baadaye

Jumatatu, 3 Machi

Nimempata! Nimempata, nimempata.

Mkuu wa kitengo. Tunamwita Tai, naye anadhani ni kwa sababu ya ile anayovaa shingoni hata kukiwa na joto la kuyeyusha mshumaa. Sisi tunamaanisha ndege.

Mwaka mzima tangu anitoe kwenye timu ya kiini cha mfumo, ile programu mama inayoendesha mashine zetu za hospitali. Alisema mbele za watu kwamba mimi ni wa kuandika mstari mmoja wa programu kwa wiki. Nikatupwa chumba cha majaribio, jirani na choo, kazi yangu kuchomoa nyaya na kuzichomeka. Haya basi. Leo nimechomoa waya wa mashine ya dripu wakati programu mbili zinaisoma kwa pamoja. Ikazima, pu! Nikarudia mara kumi na moja. Mara tisa ilizima. Mara mbili haikuzima — ilianza kutii programu yangu ya uchokozi, ya kujaribia tu, ambayo haina ruhusa hata ya kuisalimia. Nilicheka peke yangu hadi fundi umeme akachungulia mlangoni.

Jumanne, 4 Machi

Nimeelewa. Waya ukichomoka, kiini kinafuta papo hapo ile sehemu ya kumbukumbu ya kompyuta inayohusu waya huo, bila kuuliza kama kuna programu nyingine bado inaitumia. Kama nyumba ya wageni: mmoja katoka, chumba kapewa mtu mwingine, na mwenzake bado ana ufunguo. Mwenye nia mbaya anaingia hapo makusudi, na mashine yote inakuwa yake.

Toleo hili jipya la mfumo linaingia hospitalini Ijumaa. Tai ndiye atakayelizindua, mbele ya mkurugenzi na waandishi wa habari.

Sisemi kitu. Azindue kwanza. Apigiwe makofi, apigwe picha, halafu Jumatatu nitoe ripoti. Nataka aanguke kutoka juu kabisa. Ndiyo, nina roho mbaya. Ni yangu, sijaiazima kwa mtu.

Mchana kapita dirishani kwangu na wapambe wake, kauliza kama nyaya hazijanichosha. Wakacheka. Bado, bosi, nikasema. Nilijisikia raha!

Jumatano, 5 Machi

Ripoti inapendeza. Neno "uzembe" limo mara nne.

Jioni Dada kaja kula. Ni muuguzi, wadi ya watoto. Kafurahi kweli: wanaletewa mashine mpya kumi na mbili Ijumaa, amechoka kuhesabu matone kwa macho.

"Si ndizo zenu? Nimeshawatambia wenzangu, mdogo wangu kazishika kwa mikono yake."

Nikasema ndiyo, nimezishika. Nikamuuliza, nyaya huko wadini huwa zinachomoka?

"Wale watoto? Wanachomoa kila kitu, hata nywele zangu."

Nikamkasirikia Dada bure, kisha nikamkasirikia Tai zaidi. Hata kisasi changu ananiharibia!

Alhamisi, 6 Machi

Basi, naipeleka leo. Ataanguka kutoka ngazi ya katikati, si haba. Kwa mkurugenzi mwenyewe, nakala kwa wote.

Kilichobaki ni ushahidi. Sehemu ile niliiandika mimi miaka miwili iliyopita, na yangu ilikuwa inasubiri. Nikafungua historia ya mabadiliko. Mstari wangu huo hapo: unangoja kila programu imalize, ndipo kumbukumbu ifutwe. Na Tai kauondoa, mwezi uleule alioniondoa mimi. Nilipiga meza kwa furaha!

Halafu nikasoma maelezo aliyoacha. "Nimeondoa mstari huu kama mwandishi alivyoagiza."

Mwandishi ni mimi. Juu ya mstari, kwa haraka zangu, niliandika maneno mawili: FUTA BAADAYE.

Nilimaanisha kumbukumbu! Kwamba mstari huu kazi yake ni kuifuta baadaye. Yeye akaelewa mstari ndio wa kufutwa. Nimeyasoma tena na tena. Hata mimi ningeufuta.

Dakika tano sikuwa na hasira kabisa. Kisha zikarudi, zote. Si alinicheka? Si aliniweka jirani na choo?

Picha ya skrini nimeikata juu. Mstari unaonekana, jina lake linaonekana. Maneno mawili hayaonekani. Nimetuma saa nane mchana.

Ijumaa, 7 Machi

Uzinduzi umesimamishwa. Dada kapiga simu, kanung'unika kwamba mashine hazijafika. Nikamwambia ashukuru.

Sasa tuko ofisini kwa mkurugenzi. Mimi, yeye, Tai. Nilitegemea Tai apige kelele. Hakupiga. Kasema kweli aliuondoa, kosa ni lake, ila anakumbuka juu yake palikuwa na maelezo. Ameyasahau. Kwa usiku mmoja sura yake imezeeka.

Mkurugenzi kaweka picha yangu ukutani. Kauliza mbona juu imekatwa. Kampigia fundi wa seva alete historia nzima, naye kasema anapandisha ngazi.

Kisha kanigeukia, taratibu tu. Mama, wewe ndiye uliyeandika. Palikuwa na maneno gani hapo?

Tai ananitazama. Hana chuki hata kidogo — ananitazama kama mtu anayetaka kusaidiwa kukumbuka.

Nimesema samahani, ngoja niangalie kwenye daftari langu.

Daftari lenyewe ndilo hili. Naandika ili nionekane natafuta.