Dumu la Nne

Kaylene,

Supu iko kwenye friji, ipasheni moto. Hema limekauka. Likunje wewe, maana mumeo hulikunja kama taulo.

Asubuhi nilikuwa kwenye ngazi ulipomwambia Dallin, "Safari hii Baba abaki. Mwaka jana alitupoteza korongoni, mtoto akalala anatetemeka." Ungeniambia mimi mwenyewe, mwanangu. Miaka thelathini nawatembeza kule, nimekosea njia mara moja tu.

Wiki iliyopita nilikwenda kuwafichia maji. Yako nyuma ya mti wa mreteni uliokauka, pale njia inapoanza kushuka. Madumu sikuyajaza hadi juu, usiku maji bado yanaganda, yangeyapasua. Mkiona wingu kaskazini, msiingie kwenye korongo jembamba, hata kama mlipo jua linawaka; mvua ya huko huleta mafuriko ghafla.

~~Nitarudi jioni niwaage.~~ Nitakuwa kwa shangazi yako Verla mpaka mwondoke.

Kila dumu nimeliandika jina. Mtayakuta matatu: lako, la Dallin na la mtoto. La nne, lenye jina langu, nililinywa siku hiyohiyo, nikizunguka mpaka jioni kulitafuta gari langu.

Dallin usimwambie.

Baba